Baba wa Kulwa na Doto

Mtoto akizaliwa peke yake, baba huwa na mlango wa kutokea. Anaweza kumpakata jioni dakika mbili tatu, akamrudisha kwa mama yake akianza kulia, kisha akaketi kusubiri chakula. Majirani hawatamshangaa, na pengine hata mkewe hatamlaumu. Mapacha huufunga mlango huo. Mama akimnyonyesha Kulwa, Doto analia. Akimwogesha Doto, Kulwa ameshafika barazani. Mikono ya mtu mmoja haitoshi, na mikono mingine iliyo karibu ni ya baba.

Miezi ya mwanzo ina uchovu wake, lakini ina nafuu moja: mtoto ukimlaza hapa, utamkuta hapa. Kazi hubadilika wanapoanza kwenda tete. Kati ya mwaka mmoja na miaka mitatu, mtoto ana miguu ya kukimbia na mikono ya kufungua, ila hajawa na akili ya kuogopa. Wakiwa wawili, kila mmoja hukimbilia upande wake. Baba anayewatoa mapacha wa umri huo barabarani hujifunza upesi kwamba mkono wa kulia ni wa mmoja, wa kushoto ni wa mwingine, na mfuko wa nepi utafute mahali pake mgongoni.

Tuseme ni familia iliyopanga vyumba viwili Mbagala au Buguruni. Siku huanza kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Mmoja akiamka, humwamsha mwenzake, ama kwa kelele ama kwa kumpanda kichwani. Mama anakoroga uji, baba anabadilisha nepi ya kwanza huku akimzuia mwenye nepi ya pili asiivue mwenyewe. Uji ukipoa unatiwa katika vikombe viwili, na wazazi wenye uzoefu hununua vikombe vya rangi moja. Kimoja kikiwa chekundu na kingine bluu, kile chekundu kitagombewa mpaka uji umwagike. Baada ya hapo ni kuwanawisha, kuwavalisha, kutafuta kiatu cha mguu mmoja ambacho kiko chini ya kitanda, na kumkabidhi dada wa kazi au bibi zamu yake. Baba akipanda daladala kwenda kazini, tayari ameshafanya kazi ya kumtoa mtu jasho.

Jambo hili si la familia chache. Mwaka 2021, watafiti wakiongozwa na Christiaan Monden wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha takwimu zilizoonyesha kwamba duniani huzaliwa mapacha jozi zipatazo milioni 1.6 kila mwaka, maana yake ni kwamba katika kila watoto 42 wanaozaliwa, mmoja ni pacha. Idadi hiyo imepanda tangu miaka ya 1980. Katika nchi tajiri imepandishwa na wanawake kuchelewa kuzaa na matibabu ya uzazi ya maabara. Afrika ina mapacha wengi bila msaada wa maabara. Kusini-magharibi mwa Nigeria, kwa Wayoruba, ndiko wanakoongoza, na mji wa Igbo-Ora katika jimbo la Oyo umejitangaza kuwa makao makuu ya mapacha duniani.

Kijiweni, mwanamume aliyepata mapacha hupongezwa kana kwamba ameshinda mchezo, na wengine humwambia waziwazi kuwa mbegu zake ni kali. Sayansi haimpi sifa hiyo. Mapacha wasiofanana hutokana na mayai mawili ya mama yaliyopevuka kwa pamoja, na uwezekano huo hutegemea urithi wa upande wa mama, umri wake na idadi ya watoto aliokwisha kuzaa. Mapacha wanaofanana hutokana na yai moja lililogawanyika baada ya kurutubishwa. Hilo hutokea kwa bahati tu, takribani mara 4 katika kila uzazi 1,000, na kiwango hicho hakitofautiani sana kati ya bara na bara. Baba anaweza kurithi kwa mama yake tabia ya kupata mapacha, lakini atakayeonyesha tabia hiyo ni binti yake, si mkewe. Sifa ya baba, kama ipo, inaanza pale watoto wanapotoka hospitali.

Jamii nyingi za Afrika Mashariki ziliitambua sifa hiyo zamani. Kwa Waganda, baba wa mapacha hupewa cheo cha Ssalongo na mama huitwa Nnalongo. Majina hayo hubaki nao maisha yote, na mtu akikosea akamwita Ssalongo kwa jina lake la kawaida, wenzake watamsahihisha. Watoto nao wana majina yaliyokwisha kuwekwa: Wasswa na Kato kwa wavulana, Babirye na Nakato kwa wasichana. Kwa Wajaluo, Opiyo hutangulia na Odongo hufuata. Waluba wa Kongo wana Mbuyi na Kabanga. Kwa Wasukuma na Wanyamwezi, ambao majina yao yameenea Tanzania nzima, wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto, na Wasukuma humwita Shija anayezaliwa baada yao. Pwani, familia za Kiislamu zenye wavulana wawili mara nyingi huchagua Hassan na Hussein. Si kila mahali mapacha walipokewa kwa shangwe: huko Mananjary, pwani ya mashariki ya Madagaska, mwiko wa kale uliwafanya wazazi wawatelekeze.

Heshima hiyo zamani iliambatana na msaada. Mapacha walikuwa wa ukoo. Shangazi, bibi na binamu walikuwa uani, na mtoto aliyelia alichukuliwa na aliyekuwa karibu. Mjini ukoo uko mbali. Bibi huja akakaa mwezi au miwili, kisha shamba humwita. Dada wa kazi akipatikana huwa na umri mdogo na huzidiwa na wawili. Hapo ndipo baba wa leo anapojikuta na heshima ya Ssalongo bila jeshi la Ssalongo.

Na mikono hiyo haihitajiki kwa ajili ya kumpumzisha mama tu. Mapacha wengi huzaliwa kabla ya wakati na uzito wao huwa mdogo, kwa hiyo huanza maisha nyuma ya wenzao. Utafiti wa Monden na Jeroen Smits uliochapishwa mwaka 2017 ulichunguza nchi 30 za Afrika kusini mwa Sahara. Ulikuta kwamba kati ya mwaka 2009 na 2014, katika kila mapacha 1,000 waliozaliwa hai, zaidi ya 200 walikufa kabla ya kufikisha miaka mitano. Kiwango hicho ni zaidi ya mara tatu ya watoto waliozaliwa mmoja mmoja. Hali imekuwa ikiboreka, ila pacha bado ni mtoto wa kuangaliwa kwa jicho la karibu, hata baada ya kuanza kutembea.

Kuangaliwa huko kuna sura za kawaida sana. Kuna kadi ya kliniki, au tuseme kadi mbili: uzito wa kila mmoja uandikwe kwenye kadi yake, chanjo ya surua na rubela ya miezi 9 irudiwe miezi 18, matone ya vitamini A yatolewe kila baada ya miezi sita mpaka mtoto akaribie miaka mitano. Mama aliyeenda kliniki peke yake na mapacha anajua adha yake: mmoja anavuliwa nguo apimwe, mwingine anang'ang'ania sketi ya mama. Baba akiwepo, foleni ni ileile lakini kazi ni nusu. Kuna chandarua chenye dawa, ambacho watoto wawili wakilala pamoja humaliza usiku kimevutwa upande mmoja. Mtu lazima aamke akichomeke tena chini ya godoro, kwa sababu takribani robo tatu ya vifo vya malaria barani Afrika ni vya watoto wa chini ya miaka mitano.

Kuna pia ndoo. Katika nyumba ambazo maji hutoka kwa siku maalumu, ndoo na madiaba yaliyojaa hupangwa kwenye korido na bafuni, na mtoto wa umri huu anaweza kuzama katika maji ya kina cha sentimita tano tu, kwa kuwa kichwa chake ni kizito na akitumbukia hawezi kujiinua. Mapacha huongeza hatari kwa ushirikiano wao. Mmoja husukuma kigoda, mwingine hupanda. Mmoja hulia sebuleni, mzazi akakimbilia huko, kumbe wa pili yuko jikoni karibu na jiko la mkaa. Baba anayefika nyumbani jioni akafunika ndoo zote, akapandisha mafuta ya taa na dawa juu ya kabati, akatia komeo la juu kwenye mlango wa jikoni, amefanya kazi kubwa kuliko ya kununua midoli miwili.

Chakula nacho kina hesabu yake. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye mpaka miaka miwili au zaidi, na kwamba akishapita mwaka mmoja ale milo mitatu mpaka minne kwa siku pamoja na vitafunwa. Kwa mapacha hiyo ni milo sita mpaka minane ya kupikwa laini, kupozwa, kulishwa na kufutwa ukutani. Mara nyingi mmoja ni mlaji na mwingine mchaguzi. Wakila katika sahani moja, mlaji hunenepa na hakuna anayegundua kwamba mwenzake amekula tonge tatu. Sahani mbili humwonyesha mzazi nani amekula nini. Ndizi ya kuponda, parachichi, maharage yaliyopondwa, dagaa waliosagwa ndani ya uji: vyote vinafaa na vinapatikana gengeni, na hakuna hata kimoja kinachohitaji ujuzi ambao baba hana.

Fedha hutoka mara mbili, lakini si kwa kila kitu. Mitumba hupunguza makali ya nguo, na nepi za kitambaa hupunguza makali ya pampasi kwa mwenye nafasi ya kufua. Doti ya kanga kwa bahati ina vipande viwili, kwa hiyo kila mtoto hupata mbeleko yake. Ila baba mwenye mtoto mgongoni, amefungwa kwa kanga, bado ni kituko katika mitaa mingi. Akipita, kinamama hucheka na vijana humpigia mluzi. Muuza duka atamuuliza, "Baba Mapacha, mama yao yuko wapi?" Swali hilo mama akiwa nao peke yake haulizwi. Wengine huongeza, "Nani mkubwa hapo?" au "Wa kiume ni yupi?" na kila mmoja hutaka kuwashika mashavu. Safari ya kununua mkate inaweza kuchukua nusu saa, na baba hurudi nyumbani akiwa ameamkiana na mtaa mzima.

Katikati ya pilika hizo kuna jambo ambalo wazazi wengi hulitambua wakiwa wamechelewa kidogo: mapacha mara nyingi huchelewa kuzungumza. Kuchelewa huko kwa kawaida ni kwa miezi michache na wengi hukufidia kabla ya shule. Sababu mojawapo ni kuzaliwa kabla ya wakati. Ndiyo maana wahudumu wa afya, katika miaka miwili ya mwanzo, huhesabu umri wa mtoto njiti kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa. Sababu nyingine iko ndani ya nyumba. Mtoto mmoja husemeshwa yeye, mapacha husemeshwa kwa wingi: "njooni," "acheni," "kaeni chini." Tena wanayo mazungumzo yao wenyewe. Hubuni sauti na vijineno ambavyo wazazi hawavielewi, na kwa kuwa wao wanaelewana, hawaoni haraka ya kutafuta maneno ya wakubwa. Lugha hiyo ya wawili kwa kawaida hufifia yenyewe wanapojifunza ya nyumbani.

Tiba yake ni rahisi kuisema, na hapo wazazi wawili ndipo wanapofaa. Kila mtoto apate muda wake na mtu mzima mmoja. Jumamosi baba anakwenda na Doto gengeni, Kulwa anabaki na mama anayepepeta mchele. Wiki inayofuata wanabadilishana. Njiani baba anataja vitu: nyanya, ng'ombe, bajaji, mvua. Mtoto anajibu kwa namna yake, na kwa robo saa hakuna mwingine wa kumjibia. Baba atagundua pia kwamba hawa si mtu mmoja aliyezaliwa mara mbili. Mmoja ana haya, mwingine ni mchokozi. Mmoja hulala akiimbiwa, mwingine akipigwapigwa mgongoni. Kuwaita "mapacha" kila saa badala ya majina yao, kuwavalisha sare kila siku na kusema "huyu mjanja, huyu mzito" mbele yao huwafanya waanze kuishi kama walivyopachikwa.

Ugomvi usimtishe mzazi. Watoto wa umri huu huuma, huvuta nywele na hunyang'anyana, kwa sababu hawana maneno ya kutosha kusema "ni changu". Mapacha wana mpinzani wa rika lao ndani ya nyumba saa 24. Kumchapa aliyeuma kunamfundisha kwamba mwenye nguvu hupiga. Kumshughulikia kwanza aliyeumwa, kisha kumwambia mwenzake kwa sauti tulivu kwamba kuuma kunaumiza, na kuwatenganisha kwa dakika chache, hufanya kazi zaidi, ingawa itabidi kurudiwa mara nyingi mpaka mzazi achoke kujisikia.

Na simu? Ndiyo kimbilio la baba aliyebaki peke yake na wawili jioni. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 haipendekezi mtoto wa mwaka mmoja kukaa mbele ya kioo kabisa, na kwa wa miaka miwili mpaka minne inataka isizidi saa moja kwa siku. Miongozo hiyohiyo inasema mtoto wa mwaka mmoja mpaka miwili anahitaji usingizi wa saa 11 mpaka 14, pamoja na ule wa mchana. Kuwalaza mapacha kwa wakati mmoja ndiyo siri ya nyumba nyingi zenye amani: wote wanaogeshwa, wote wanakula, taa inazimwa. Wakilala kwa zamu, wazazi hawalali.

Wapo wanaume wanaosema kazi hizi si mila yetu. Afrika yenyewe inawajibu. Kwa Waaka, wawindaji wa misitu ya Jamhuri ya Afrika ya Kati na Kongo, mwanaanthropolojia Barry Hewlett alikuta kwamba baba huwa amemshika mtoto wake mchanga, au yuko mahali anapoweza kumfikia kwa mkono, karibu nusu ya muda wa siku. Tanzania nayo ina mfano wake. Mwaka 2009, Martin Muller na wenzake walichapisha utafiti wao kuhusu Wahadzabe na Wadatoga wanaoishi jirani karibu na Ziwa Eyasi. Kwa Wahadzabe, ambao baba hulea kwa mikono yake, wanaume wenye watoto walikuwa na kiwango kidogo cha homoni ya testosteroni kuliko wanaume wenzao wasio na watoto. Kwa Wadatoga, wafugaji ambao ulezi wa watoto wadogo wameuacha kwa wanawake, tofauti hiyo haikuonekana. Miaka miwili baadaye, utafiti wa zaidi ya vijana 600 wa Cebu, Ufilipino, ulionyesha kwamba homoni hiyo hushuka mwanamume anapopata mtoto, na huwa chini zaidi kwa wale wanaotumia saa tatu au zaidi kwa siku kulea. Hakuna aliyepoteza uanaume wake. Mwili wa baba hujipanga kwa kazi ya ulezi, akiifanya.

Kazi yenyewe inaweza kwenda pamoja na nyingine kubwa. Mcheza tenisi Roger Federer wa Uswisi alipata mapacha wa kike mwaka 2009 na wa kiume mwaka 2014. Aliendelea kusafiri kwenye mashindano pamoja na familia yake, na mwaka 2017 alitwaa tena taji la Wimbledon akiwa na umri wa miaka 35. Yeye alikuwa na fedha za kuwaajiri wasaidizi. Fundi wa magari wa Gerezani au karani wa Kariakoo hana. Anachohitaji yeye ni muda, na muda huo unapangwa na sheria pamoja na mwajiri wake.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84 kwa mtoto mmoja, na siku 100 akijifungua zaidi ya mmoja. Baba kwa kawaida anapewa siku 3, azichukue ndani ya siku 7 za mwanzo tangu kuzaliwa kwa mtoto. Uganda humpa siku 4 za kazi. Kenya, kwa sheria yake ya ajira ya mwaka 2007, humpa wiki mbili. Mtunga sheria wa Tanzania alikiri kwamba mapacha ni kazi ya ziada akamwongezea mama siku 16, lakini kwa baba hakuongeza hata moja.

Wabunge wanaweza kuirekebisha hesabu hiyo, na waajiri hawana haja ya kuwasubiri, kwani sheria imetaja kiwango cha chini tu na haimkatazi mwajiri kutoa wiki mbili. Kwa baba mwenyewe, pa kuanzia ni siku ijayo ya kliniki: aombe ruhusa kazini, achukue kadi moja na mtoto mmoja, apange foleni pamoja na mkewe.